Picha Haijacheza

Tajiri wa kiwanda cha sare alikuwa na picha moja aliyoipenda kuliko watu waliokuwa ndani yake. Aliitundika katika duka la mbele, mkabala na mlango, ili kila mteja aanze nayo. Ilionyesha chumba cha ushonaji: mafundi wamekaa safu kwa safu, vyerehani vinameta, kuta nyeupe pee, kila kona inang'aa utadhani jua limepangishiwa humo. Mafundi wenyewe wakipita mbele ya picha ile walicheka chinichini. Walisema wangependa sana kufanya kazi katika chumba kile, laiti wangeonyeshwa kilipo.

Aliyeipiga alikuwa Radi. Wazazi wake hawakumpa jina hilo. Ni mtaa uliompa, kwa sababu ya flashi yake kubwa aliyokwenda nayo kila mahali. Radi akiingia ukumbini watu hufumba macho kabla hata hajainua kamera. Mkewe naye alikuwa mpiga picha, na nusu ya studio ilikuwa yake. Huyu mtaa ulimwita Tulia, kwa kuwa ndilo neno alilowaambia watu kutwa nzima: tulia, tulia hapohapo. Mwenyewe hakuwa mtulivu hata chembe. Akikasirika, paka wa jirani walijua.

Na siku shangazi yake alipoingia studio na mkoba kwapani, akakaa kwenye kiti cha wateja bila kusalimu mtu, Tulia alikasirika kabla hajaambiwa kitu. Shangazi ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Alikuwa fundi mkongwe kuliko wote kiwandani, mwanamke wa maneno machache na mshono ulionyooka, na hakuwa na tabia ya kwenda kwa watu bila salamu. Alieleza kwamba unga wake ulikuwa umeshainama, bado kumwagika tu.

Kisa ni sare za shule. Kitambaa kilikuwa cha buluu iliyokolea, naye alikishona kwa uzi mweusi, furushi zima. Watoto walipozivaa wakasimama juani, kila mshono ulionekana kama umechorwa kwa mkaa. Mwalimu mkuu alizirudisha zote, akasema anakuja kesho kutwa kusikia maelezo. Tajiri tayari alikuwa nayo: macho ya mama huyu yamekwisha. Angemwachisha kazi mbele ya mwalimu, mwalimu aridhike, biashara iendelee.

"Nikamwambia chumba kina giza," Shangazi alisema. "Akanishika mkono kama mtoto, akanipeleka dukani, akanisimamisha mbele ya picha ya mumeo. Akaniuliza, hapa giza liko wapi?"

Hakulia. Angelia, Tulia angejua la kufanya, lakini alikaa tu akiutazama mkoba wake. 

Chumba alikijua. Tangu rafu za majora ya vitambaa ziliposukumwa mpaka kwenye madirisha, mle ndani mchana ulikuwa hadithi ya kusimuliwa. Taa za mrija zilizobaki zilipepesa kama mtu mwenye usingizi. Uzi wa buluu na uzi mweusi vilikuwa mapacha humo, na mafundi hawakuvitofautisha kwa kuviona bali kwa mahali vilipo: buluu kushoto kwa mashine, mweusi kulia. Ndivyo walivyofundishana. Siku ya mkosi, mtu wa stoo alipanga kinyume, na mkono wa Shangazi ukaenda kushoto kama ulivyozoea. Hilo ni kosa ambalo wewe na mimi hatuwezi kulifanya, kwa sababu sisi tunaposhona kifungo tunakaa mlangoni.

Radi alikuwa nyuma ya pazia akikata fremu, na kila neno lilimfikia. Alitoka akijitetea kabla hajashtakiwa. Aliitwa apige chumba kipendeze, akakipiga kikapendeza. Angefanya nini tena, na nani hulipia picha ya giza? Isitoshe yule tajiri ni mteja, na wateja wa aina ile hawaokotwi barabarani. Alimpa Shangazi pole nyingi za heshima, za mkwe kwa mama mkwe, lakini pole ni pole tu.

"Hukupiga chumba, Radi," mkewe alimwambia. "Ulipiga taa yako."

Radi alinuna. Tulia akatangaza kwamba kesho ataingia kiwandani mwenyewe na kukipiga chumba kama kilivyo, bila flashi, ili mwalimu mkuu akione. Hapo Radi akasahau kununa, akacheka. Alimkumbusha kwamba mlinzi hataruhusu stendi ya kamera kupita getini, kwa hiyo atashika kwa mkono, na kwamba hakuna mkono wa binadamu unaotulia kiasi cha kupiga mle ndani. Picha itacheza, alisema; atarudi na uji. Katika kazi yao, picha iliyotikisika huitwa imecheza, na hakuna tusi kubwa kuliko hilo.

 Tulia alikwenda jikoni, akafunga mlango, akaziba dirisha kwa shuka, akaweka kwenye meza kimto cha kuchomekea sindano alichoachiwa na Shangazi. Akafungua lenzi mpaka ilipogoma kufunguka zaidi. Akapandisha usikivu wa kamera kwa mwanga hadi picha zikaanza kufanya chengachenga, wala hakujali, maana chenga hazijawahi kumfukuza mtu kazi. Kilichobaki kilikuwa mwili wake. Aliviminya viwiko mbavuni, akatanguliza mguu mmoja, akaegemeza bega kwenye kabati, akaibana kamera usoni. Akatoa pumzi taratibu, na pumzi ilipokwisha, kabla ya kuvuta nyingine, akagusa kitufe kama mtu anayegusa kidonda. Alipiga tatu mfululizo kila mara, kwa kuwa ya kwanza hubeba mshtuko wa kidole kikishuka na ya mwisho hubeba wa kidole kikiinuka. Ile ya katikati mara nyingi hupona. Mwanzoni sindano zote zilitoka kama nywele zilizolowa. Aliendelea, akitukana kimoyomoyo, mpaka ikafika picha ambayo ungeweza kuona tundu la kila sindano.

Kesho yake mchana alipita getini na kikapu cha chakula. Mlinzi alimzoea, kwa kuwa mara nyingi alimletea Shangazi. Kamera ilikuwa chini ya sahani, imefungwa kitambaa, na moyo wa mwenye kikapu ulidunda kiasi kwamba aliogopa mlinzi ataomba kujua kinachogonga ni nini.

Ndani ilibidi asimame kwanza macho yazoee. Kisha watu wakaanza kujitokeza mmojammoja: Shangazi karibu na nguzo ya kati, kichwa kimeinama hadi pua iko karibu na sindano, jirani yake, dada wa vifungo, akipapasa tundu kwa ukucha, na mwisho wa safu Bwana Kola, aliyeshona kola tu miaka nenda miaka rudi, mtu mgumu ambaye hajawahi kuunga mkono jambo la mtu yeyote. Vyerehani vyote vilikuwa vikinguruma. Tulia aliegemea nguzo, akatoa kamera, akabana viwiko, akatoa pumzi, akagusa.

Uji mtupu. Akarudia. Uji tena, mzito kuliko wa kwanza. Alibadilisha mguu, akabadilisha bega, akapiga tena na tena, na kila uso ulitoka na kope mara mbili. Alisikia kicheko cha Radi kana kwamba kasimama nyuma yake.  Alijua mkono wake uko sawa. Aliuona jana ukiwa sawa.

Ndipo bega lake lilipomwambia. Nguzo ilikuwa inatetemeka. Aliishusha mikono, akasikiliza kwa nyayo, na sakafu nayo ilikuwa inatetemeka, mbao zote, kwa sababu ya mashine zile zikikimbia kwa pamoja. Mwenye kucheza hakuwa yeye.

Aliinama kwenye sikio la Shangazi na kumweleza. Zikisimama kidogo tu, atapata.  Katika chumba kile mashine hazikusimama wakati wa kazi. Aliyesimamisha yake aliitwa ofisini akaeleze. Shangazi mwenyewe hakuwa na cha kupoteza tena, lakini wenzake walikuwa nacho, na hakuwa mtu wa kuwaamrisha watu kwa jambo lake.  Kwa hiyo aliinua tu mguu kutoka kwenye kanyagio.

Dada wa vifungo alimwangalia, akamwangalia Tulia na kamera yake, akainua wake. Aliyefuata akainua. Ukimya ulitembea safu kwa safu hadi mwisho wa chumba, hadi kwa Bwana Kola, ambaye aliendelea kushona peke yake huku watu wote wamemkodolea macho. Halafu naye akasimama. Alidai sindano yake imevunjika, ingawa kila mtu aliiona nzima.

"Tulieni," Tulia alisema. "Hivyohivyo mlivyo. Msijipange."

Hawakujipanga. Walibaki walivyokuwa wakifanya kazi, migongo imepinda, nyuso zimegusana na vitambaa, vidole kando ya sindano. Nguzo ilikuwa imetulia kabisa. Tulia alianza kupiga.

Sasa, tajiri yule alikuwa ofisini kwake, ng'ambo ya ukuta, na mngurumo wa mashine kwake ulikuwa muziki. Ulipokatika aliusikia haraka kuliko kelele yoyote. Aliingia akiuliza nani kazima umeme. Hakujibiwa. Akaona umeme upo na watu wapo, wamekaa, ila hawasogei, na hilo lilimtia wazimu. Akaanza kupita kati ya safu akipunga mkono.

"Washeni mashine," alisema. "Nasema washeni."

Hakuna aliyepepesa hata kope. Walikuwa wameambiwa watulie, na kwa mara ya kwanza waliambiwa neno hilo na mtu asiyetaka kuwanyamazisha. Tulia aliogopa. Mapigo ya moyo yalifika hadi kwenye vidole, akaona fremu inaruka kwa kila pigo. Aliitoa pumzi yote. Akangoja pigo lipite, na kabla ya jingine kuja, akagusa. Tatu. Akangoja tena, akagusa tena, huku tajiri anazunguka mbele ya lenzi akifoka. Kisha akaifunga kamera kitambaa, akairudisha chini ya sahani, akawashukuru mafundi kwa sauti ya kawaida.

Tajiri alisimama mlangoni na kunyoosha mkono apewe kamera. Shangazi akainuka.

"Huyu kaniletea chakula," alisema. "Mwache apite."

Dada wa vifungo naye akainuka, na wengine, na hata Bwana Kola mwenye sindano iliyovunjika. Hawakumsogelea wala kumtishia. Walisimama tu wakimtazama. Tajiri akakaa kando. Tulia alipita, akamuaga mlinzi vizuri.

Jioni tajiri alimpigia Radi. Alimtaka afike kesho kwenye kikao, aitazame picha ya mkewe mbele ya mwalimu mkuu na kusema imetiwa giza studio. Akifanya hivyo, kalenda ya kiwanda ya mwaka ujao ni yake. Radi hakumficha mkewe, alimweleza yote. Ila atajibu nini hakusema, naye Tulia alikataa kumbembeleza. Alisafisha picha moja kubwa, akaitia kwenye bahasha. Radi hakuomba kuiona. Walilala wamepeana migongo.

Kikao kilifanyika duka la mbele, sare zilizorudishwa zikiwa zimerundikwa mezani. Mwalimu mkuu alikuwa mama mfupi asiyependa kupotezewa muda. Tajiri aliongea vizuri, kwa masikitiko. Alisema inamuuma kumwondoa mtu wa siku nyingi, lakini uzee hauna dawa, na chumba chenyewe, mwalimu ajionee, ni kama anavyokiona ukutani. Shangazi alikuwa amesimama, hakupewa kiti. Tulia, ambaye hakualikwa na mtu, alitoa picha yake na kuiweka juu ya zile sare.

Ilikuwa picha ya giza. Ukuta haukuonekana, wala dari, na madirisha yalikuwa mistari myembamba juu ya majora. Lakini ndani ya giza lile watu walikuwa wamekatwa kwa wembe. Mikunjo ya paji la uso la Shangazi ilihesabika. Ulionekana uzi ukiingia kwenye sindano, na pua yake ilivyo karibu na sindano ile, ukatamani kumvuta nyuma asijidunge. Katikati ya mafundi hao kulikuwa na kitu kirefu, cha rangi ya shati, kama moshi uliosimama wima. Hakikuwa na uso.

Mwalimu mkuu aliuliza hiki ni nini.

"Ni tajiri wetu," Shangazi alimjibu. "Yeye hakutulia."

Tajiri alicheka kwa meno tu. Alieleza kwamba siku hizi mtu anatia giza kwenye picha kama anavyotia maji kwenye maziwa, na kwamba bahati nzuri mtaalamu yupo hapa, mume wa huyohuyo aliyeipiga, mtu asiye na sababu ya kumwonea mkewe. Akamkabidhi Radi picha.

Radi aliipeleka mlangoni kwenye mwanga. Tulia alimwona akitafuta alichojua atakitafuta. Alianzia kwenye kope za Shangazi, akashuka kwenye vidole, akaenda safu ya nyuma, akarudi kwenye sindano. Alikaa nayo muda mrefu kuliko inavyohitajika kusema uongo.

"Haijacheza," alisema, kama anayeongea peke yake.

Mwalimu akamtaka aseme kitu anachoweza kukielewa. Radi akamtazama tajiri, akairudisha picha mezani.

"Mwalimu, ningepiga picha kwenye mwanga halafu nikaitia giza, huyu bwana angebaki na uso wake. Angekuwa mweusi, lakini angekuwa mtu. Amekuwa moshi kwa sababu kamera ilikaa wazi muda mrefu ikitafuta mwanga, na yeye anatembea. Mwanga haukuwapo."

"Na ile ya ukutani?"

"Ile niliipiga mimi," Radi alisema. "Mwanga ule niliingia nao mwenyewe, na nikatoka nao."

Tulia hakutaka kulia mbele ya tajiri, kwa hiyo alitazama viatu vyake. Kalenda ilikuwa imekwenda, na wote wawili walijua. Alitamani kumshika mumewe mkono lakini walikuwa kazini.

Mwalimu mkuu aliinuka, akachukua sare moja, akaingia nayo chumba cha ushonaji bila kuomba ruhusa. Hakukaa sana. Alitoka akisema yeye ananunua nguo, si kesi, ila nguo zake zitashonwa mahali ambapo mtu anaona anachoshona, na zikishonwa kwingineko hatazichukua. Tajiri alikuwa mwepesi wa kunusa upande fedha inakoelekea. Akamgeukia Shangazi kwa sauti laini ambayo hakuwahi kuisikia kwake, akamwambia yaishe, mama, rudi kwenye mashine yako.

Shangazi alirudi. Alikaa mahali pake, akaweka mikono mapajani, mguu mbali na kanyagio. Tajiri akamwambia awashe.

"Nitawasha rafu ikitoka dirishani."

Tajiri aliahidi kwamba wapagazi wataitoa wiki ijayo. Shangazi aliitikia kwa kichwa, kwa adabu zote, na akaendelea kukaa. Dada wa vifungo alizima yake. Chumba kizima kikazima, safari hii Bwana Kola akiwa wa pili, bila kisingizio. Hakuna aliyebishana, hakuna aliyepaza sauti. Tajiri alitazama huku na huku akitafuta wa kumfokea, akamwona mwalimu mkuu amesimama mlangoni amekunja mikono, hana haraka tena.

Basi akavua koti. Alibeba majora mwenyewe, upande huu yeye na upande huu Radi, wakihema, mpaka rafu ikawa nyepesi ya kusukumika. Ilipotoka kwenye dirisha mwanga uliingia na vumbi lake lote. Watu walijikinga macho, kisha wakaanza kutazamana na kuchekana. Ilibainika kwamba suruali ya Bwana Kola ina kiraka cha kijani, ambacho yeye siku zote alidhani ni cha buluu.

Shangazi hakucheka na wenzake. Alikata ncha ya uzi kwa meno, akainua sindano dirishani mahali ambapo tajiri, aliyeloa jasho, hakuweza kutoiona, akautia uzi kwenye tundu mara moja tu.

"Macho yangu haya hapa," alimwambia, akawasha mashine.